Kiindonesia: mbona "mata-mata" si macho? Msaada kwa haya maneno ya kurudiwa

Kijana_Jogja

Wakuu, salaam. Nina miezi minne hapa Yogyakarta, wenyewe wanaiita Jogja, nimekuja kwa ufadhili wa Darmasiswa kusoma Kiindonesia kwa mwaka mmoja. Mwanzoni niliona lugha yenyewe mteremko. Hakuna ngeli, kitenzi hakibadiliki iwe jana au kesho, na neno linasomwa karibu kama lilivyoandikwa. Wiki ya kwanza nilikuwa natamba darasani mbele ya Wajapani na Wajerumani. Kilichokuja kunishusha ni maneno yanayosemwa mara mbili.

Tulifundishwa "buku" ni kitabu, "buku-buku" ni vitabu. "Anak" ni mtoto, "anak-anak" ni watoto. Nikasema basi, wingi wao ndio huo, nimemaliza. Nikawa kila ninachotaka kiwe kingi nakitaja mara mbili.

Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita macho yaliniwasha, yote mawili, mekundu, asubuhi naamka kope zimegandana. Nikaenda zahanati. Daktari, mama wa makamo, mpole sana, akaniuliza, "Sakit apa, Mas?" yaani unaumwa nini, kaka. Nikajibu kwa kujiamini: "Mata-mata saya sakit, Dok." Akaacha kuandika. Akaniangalia. Akauliza taratibu, "Mas punya mata-mata?" Nikashangaa, daktari gani huyu anayeuliza kama mtu ana macho. Nikamwambia ninayo, "dua", mawili, nikamwonyesha na vidole. Nesi akatoka nje mbio, nikamsikia anacheka koridoni.

Mata-mata ni jasusi. Nilikuwa nimemwambia daktari wa watu kwamba ninao majasusi wawili na wote wanaumwa.

Na si hilo tu. Kwenye kibanda cha chai niliomba "gula-gula", maana yangu sukari iwe nyingi, mwenye kibanda akanisogezea kopo la pipi. Njia ya kwenda ninapoishi kuna kibao kimeandikwa HATI-HATI. Siku ya kwanza kukiona nilisimama nikatoa pasi ya kusafiria mfukoni, nikijua mbele kuna ukaguzi wa hati. Kumbe wanasema "kuwa mwangalifu", kulikuwa na mtaro unachimbwa. Mwalimu naye kanipiga wino mwekundu kwenye "tiga buku-buku", eti iwe "tiga buku". Vitabu vitatu si vingi? Kipepeo mmoja ni "kupu-kupu", wawili nao "kupu-kupu". "Mobil-mobilan" ni gari la mtoto la kuchezea, kwa hiyo nilipoona bango la "obat-obatan" nikajua ni dawa za kuchezea. Kumbe ni dawa kweli kweli.

Mwenye uzoefu anisaidie. Kuna kanuni, au ni kukariri moja moja? Mtihani ni wiki ijayo.

mpita_njia

Mkuu pole, nimecheka hadi basi. Ila mbona ni rahisi: wingi rudia mara mbili, imeisha hiyo. Nina programu ya kujifunzia lugha kwenye simu, imeniambia hivyohivyo. Hayo ya majasusi ni maneno machache ya pembeni, yakariri uende zako.

Mama Solo

mpita_njia, baba, hiyo kanuni yako ndiyo iliyompeleka mwenzio kwa daktari na majasusi wawili.

Kijana, karibu Java. Mimi niko Solo, panda treni ya KRL saa moja na kitu umefika. Nanunua batiki na kuisafirisha, na kazi hii niliianza kabla soko la Klewer halijaungua Desemba 2014, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kiindonesia changu sikukisoma darasani, nilifundishwa na wauza vitambaa, na wale hawana huruma. Nitakwambia nilivyoelewa mimi. Mwalimu wako akisema vingine kwenye mtihani mfuate yeye, alama ni zake.

Siku za mwanzo pale Klewer nilikuwa na ugonjwa wako huohuo. Nikafika kwa bibi mmoja, kibanda chake kimejaa hadi juu, nikataka vitambaa vitano vya nakshi ya kawung. Nikasema "kain-kain lima". Bibi akashusha miwani. "Lima lembar, Mbak." Vipande vitano, dada. Kisha akanyoosha mkono, akaupitisha polepole kuanzia rafu ya kushoto, parang, truntum, sidomukti, mpaka kwenye marundo yaliyokaa sakafuni upande wa kulia, akasema: "Kalau kain-kain, ya ini semua." Ukisema kain-kain, basi ni hivi vyote.

Mkono ule ndio kanuni ninayoijua hadi leo. Kurudia jina si kuhesabu. Ni kupitisha mkono juu ya vitu vilivyotapakaa, hiki na kile na kile kingine, bila kusema ni vingapi. Ukishataja idadi umeshahesabu, mkono urudi mfukoni: "tiga buku", "lima lembar kain", "banyak orang" (watu wengi), "semua rumah" (nyumba zote). Ndiyo maana ulipigwa wino. Hata "para", ambayo ni ya watu tu, inajitosheleza: stesheni utasikia wanatangaza "para penumpang", yaani abiria wote, hawasemi "para penumpang-penumpang". Mitaani wapo wanaochanganya, wewe mwenye mtihani usichanganye.

Na mara nyingi hata huo mkono hawaupitishi. Neno tupu "buku" si lazima liwe kitabu kimoja. Ni kitabu, ni vitabu, ni habari yoyote ya vitabu, mazungumzo ndiyo yatakwambia. Usishangae, jambo hili unalo mdomoni mwako tayari. Sema "nimenunua kalamu". Ngapi? Sema "nyumba", sema "ngoma", sema "bendera". Tena bendera Waindonesia nao wanaiita "bendera", wao na sisi tumeitoa kwa Wareno. Kwetu bendera moja, bendera kumi, jina limekaa palepale na hakuna aliyewahi kulalamika. Wewe chukulia majina yote ya Kiindonesia yamo kwenye ngeli ya bendera, ila wenzetu hawana "hii" na "hizi" za kuokoa jahazi. Anayetaka uone zilivyotapakaa barabara nzima ndiye anayerudia: "bendera-bendera".

Tuje kwenye macho yako. Kama ulipewa dawa ya matone, chukua kichupa usome. Kimeandikwa "tetes mata". Mata, mara moja, na Mungu kakupa mawili. Macho ya mtu mmoja hayajatapakaa popote, yapo mahali pake, kwa hiyo "mata saya sakit" inatosha. Ukitaka kusisitiza ni yote mawili, ongeza "dua-duanya".

Lakini usiishie kwenye majina, kwa sababu mtaani utakutana zaidi na vitenzi, na huko Mswahili amezaliwa nako. Sentensi ya kwanza ya kukuokoa sokoni, muuzaji akikung'ang'ania: "lihat-lihat dulu". Naangaliaangalia tu kwanza. Si ni ileile? Kuangalia bila shabaha na bila ahadi ya kununua. "Jalan-jalan" ni kutembeatembea, jirani akikuuliza jioni "mau ke mana?", unakwenda wapi, hakupelelezi, anakusalimia, jibu "jalan-jalan" na maongezi yamekwisha kwa amani. "Duduk-duduk", kukaakaa. "Membaca-baca", kusomasoma, na ona kwamba "mem-" haijirudii, kinachorudi ni "baca" peke yake, kama sisi tusivyosema "anasoma-anasoma". Ila "makan-makan" itenge pembeni. Usidhani ni kudonoadonoa. Ni watu kukutana kwa ajili ya kula, na mara nyingi kuna mtu kapata jambo la heri ndiye anayelipa. Ukialikwa nenda na njaa.

Sifa nazo zinarudiwa. "Kainnya bagus-bagus", vitambaa vyake vizuri, ukigusa hiki kizuri, ukigusa kile kizuri. Jina halikuguswa, sifa ndiyo iliyobeba wingi. Sisi tunasema nyanya kubwakubwa, tena hutasema "nyanya kubwakubwa" ukiwa umeshika moja.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kukanusha. "Bus tidak datang" ni basi haliji. "Bus tidak datang-datang" ni basi nimelisubiri, nimekaa, nimesimama, nimekaa tena, na wapi. Sokoni tuna "tidak laku-laku": kitambaa kimo rafuni, umeshusha bei, umekileta mbele, umekipiga pasi, hakinunuliki tu. Uchovu wote huo umebebwa na kurudia neno moja. Nina jora la bluu la namna hiyo chumbani kwangu, anayelitaka aseme.

Hiyo "-an" iliyokuchanganya, mimi najiuliza hivi: hiki ni kitu ambacho mtoto anaweza kukiigiza? Gari, nyumba, farasi, pesa. Basi "mobil-mobilan", "rumah-rumahan", "kuda-kudaan" na "uang-uangan" vyote ni vya bandia. "Orang-orangan" ni lile sanamu la kutishia ndege kwenye mpunga, mtu wa bandia. Ikiwa si hivyo, tazama kama ni jamii nzima ya vitu: "buah-buahan" matunda ya kila namna, "sayur-sayuran" mboga, "kacang-kacangan" jamii ya kunde, na hiyo "obat-obatan" yako. Kanuni hii ni ya sokoni, ina matobo. "Besar-besaran" haimo upande wowote, ni jambo linalofanywa kwa kishindo. Maduka yakitangaza punguzo ndilo neno lao.

Na nisipoitaja "tawar-menawar" wenzangu watanicheka. Huyu anataja bei, yule anashusha, huyu anapandisha kidogo. Neno likirudiwa na upande wa pili likavishwa "me-", hiyo ni "-ana" yetu: "tolong-menolong" kusaidiana, "surat-menyurat" kuandikiana barua, "pukul-memukul" kupigana. Herufi ya mwanzo inamezwa au inageuka, t inapotea na kuacha n, p inaacha m, s inakuwa ny. Sikio litazoea kabla kichwa hakijaelewa.

Yaliyobaki ni ya kukariri, sikufichi. "Undang" ni kualika, "undang-undang" ni sheria. "Langit" ni mbingu, "langit-langit" ni dari. "Cuma" ni "tu", "cuma-cuma" ni bure. Haya yachukue kama maneno mapya kabisa, usiulize nusu yake ilikuwa nini. Hiyo "gula-gula" ungekuwa Malaysia wala usingechekwa, huko ndilo neno lao la pipi la kila siku. Jogja wanasema zaidi "permen".

Kijana_Jogja

Mama Solo shikamoo. Nimesoma mara tatu. Kichupa nimekitoa mfukoni hapahapa, kimeandikwa "tetes mata" kama ulivyosema, nimebaki kucheka peke yangu.

Nina mawili tu ya kuongeza kabla sijaenda kulala. La kwanza, mama mwenye nyumba ninayopanga hunitumia ujumbe hivi: "Mas, hati2 ya, jgn pulang malam2." Hizo mbili ni nini? Mwanzoni nilidhani ni namba ya chumba. La pili, jirani kila tukikutana ananiambia "kapan-kapan main ke rumah ya". Najua "kapan" ni "lini", na "main ke rumah" ni njoo nyumbani. Sasa kila siku namsubiri aniambie ni lini, hasemi. Nimkumbushe?

Mzee wa Nahau

Nimepita nikavutiwa. Indonesia sijafika, lakini nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi na Kimalei niliwahi kukisoma kwa vitabu, kwa kiu yangu tu. Jambo hili kwetu darasani tunaliita uradidi. Wao wanasema "kata ulang", neno la kurudia. Ndiyo, "kata" kwao ni neno, na "kata-kata" ni maneno, kwa hiyo mwanafunzi akisikia "kata-kata" asikimbie akidhani kuna panga.

Mama Solo amelieleza vizuri kuliko vitabu vyangu, nami nitajazia pale alipopita haraka, kwa kipepeo. Kijana, umewahi kumwona mtu akinunua "pili" moja? Hakuna. Kuna pilipili moja na pilipili mia. Hakuna "bui" mmoja, kuna buibui, naye Mwindonesia anamwita "laba-laba", ambaye pia hakatwi katikati. Vivyo hivyo kupu-kupu, na "kura-kura", kobe, na "kunang-kunang", kimulimuli, ambaye hata kwetu kajirudia tumboni. Hayo ni maneno yaliyozaliwa pacha. Wakitaka kuhesabu wanatumia "ekor", maana yake mkia: "seekor kupu-kupu", kipepeo mkia mmoja, "dua ekor kupu-kupu", vipepeo mikia miwili. Kipepeo hana mkia wa kujivunia, lakini ndivyo wanyama na wadudu wanavyohesabiwa.

Kuna aina ambayo Mama hakuigusa, nayo ndiyo inayonivutia mimi: neno linarudiwa lakini sauti inageuka. "Balik" ni kurudi, "bolak-balik" ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. "Warna" ni rangi, "warna-warni" ni rangi chungu nzima. "Sayur" ni mboga, "sayur-mayur" ni mboga za kila aina, na usimuulize mtu "mayur" ni mboga gani, haipo sokoni. "Mondar-mandir" ni kuzungukazunguka huku na huko bila kutulia. Hii haitungwi upya kila siku, imerithiwa. Nasi tunayo moja ambayo ingefurahi kukaa nao meza moja: shaghalabaghala. Nani aliwahi kuuliza shaghala peke yake ni nini?

Nyingine ni ile ya kurudia kipande cha mwanzo tu. "Laki" ikawa "lelaki", mwanamume. "Luhur" ni -a juu, -enye hadhi, na "leluhur" ni wahenga. "Daun" ni jani, "dedaunan" ni majani yaliyojaa mahali. "Tangga" ni ngazi, na "tetangga" ni jirani; mimi huwaza watu wanaopandia ngazi moja.

Kuhusu hizo mbili: si namba ya chumba. Ni alama ya zamani ya kurudia neno. Tahajia ya mwaka 1947, inayoitwa ya Soewandi, ileile iliyogeuza "oe" ya tahajia ya 1901 kuwa "u", iliruhusu kuandika "anak2" badala ya "anak-anak". Penye kiambishi walitia kistari kuonyesha kinachorudiwa kinaanzia wapi: "ber-jalan2", na hata "ke-barat2-an", kujifanya mtu wa Magharibi. Mwaka 1972 ilipotangazwa tahajia mpya, EYD, hiyo 2 ikaondolewa kwenye maandishi rasmi, kila neno liandikwe lote na kistari katikati. Lakini kidole gumba cha mtu anayeandika kwenye simu hakisomi matangazo ya serikali. Kwenye mtihani, kijana, andika neno zima.

Na "malam2" ni "malam-malam", usiku usiku. Mama mwenye nyumba anakukataza kurudi usiku usiku. Unaona, hata tafsiri haikunisumbua. Wewe mwenyewe kwenye swali lako, uliyesema maneno haya yamekushinda, umeandika "kweli kweli" na "moja moja" bila kutoka jasho.

Mama Solo

Marahaba mwanangu. Na mwalimu shikamoo, hilo la ngazi sikulijua, na jirani zangu hapa Laweyan kweli tunapanda ngazi moja.

Kijana, usimkumbushe! "Kapan" ni lini, "kapan-kapan" ni siku moja, siku yoyote, Mungu akipenda. Maneno yao ya kuulizia yakirudiwa hayaulizi tena. "Apa" ni nini, na "tidak apa-apa" ni hakuna neno, haidhuru. Hii utaisikia mara hamsini kwa siku, hasa ukimkanyaga mtu. "Siapa" ni nani, "tidak ada siapa-siapa" ni hakuna mtu yeyote. "Di mana" ni wapi, "di mana-mana" ni kila mahali. Jirani yako anakuonyesha uungwana. Akija kukutajia siku na saa, hapo ndipo uende, ubebe na "oleh-oleh", zawadi ya mgeni. "Oleh" peke yake ni "na", ile ya "kimeandikwa na fulani". Usiniulize imefikaje kwenye zawadi, mimi nabeba tu boksi la bakpia, vile vikeki vidogo, kutoka huko kwenu Jogja na kila mlango unafunguka.

Halafu zoea na hii, maana lazima utaambiwa kama sijakosea umeshaambiwa: "jauh-jauh dari Afrika". "Jauh" ni mbali. Mtu akirudia hapo hakupimii kilomita, anakupa pole na heshima kwa pamoja: umetoka mbali kote huko. Mimi niliambiwa na yule bibi wa kawung, siku ileile, baada ya kunisahihisha. Kisha akanipunguzia bei. Sikumbuki alipunguza ngapi, nakumbuka alikataa tusifanye tawar-menawar.

mpita_njia

Nimeona nifute ile programu kabla haijaniletea balaa. Mama, hilo jora la bluu mita ngapi?

Mama Solo

Ishirini na moja. Njoo faragha. Usije na neno "lihat-lihat dulu".

Kijana_Jogja

Narudisha majibu kama nilivyoahidi moyoni. Mtihani umepita. Kulikuwa na swali la kutunga sentensi sita zenye kata ulang, mbili nimeziiba hapa. Ya "tidak datang-datang" niliandika kuhusu basi, mwalimu kaweka tiki na pembeni kachora uso unaocheka. Kwenye ya mwisho niliandika "para mahasiswa-mahasiswa" kwa mazoea, wino mwekundu ukanipata tena, Mama nisamehe.

Jirani sikumkumbusha. Jumapili kaniambia mwenyewe, saa kumi jioni, kuna makan-makan, mtoto wake kafaulu. Nilikwenda na njaa kama nilivyoelekezwa.

Na leo asubuhi nilirudi zahanati kuangaliwa. Daktari yuleyule, nesi yuleyule, na nesi aliponiona tu akaziba mdomo kwa faili. Daktari akaniangaza na kile kitochi, kulia, kushoto, akauliza macho yanaendeleaje. Nikamwambia, "Sudah sembuh, Dok, dua-duanya." Yamepona, yote mawili. Akaandika. Akafunga faili. Nimeshainuka nashika kitasa cha mlango, akaniita.

"Kalau mata-matanya, Mas?" Na majasusi je?

"Masih kerja, Dok," nikamwambia. "Diam-diam."

Bado wako kazini, daktari. Kimyakimya. Safari hii aliyetoka nje mbio ni daktari.